"Hizo ni yuniti za kujaza nafasi tu, dada"

Hujambo Mwalimu,

Mimi ni fundi cherehani hapa Kisumu, nina kibanda upande wa Kibuye. Nilimaliza kidato cha nne, karo ikakatikia hapo, nikashika cherehani ya mama mdogo na sijaiacha hadi leo. Sijutii. Nashona sare za shule, nguo za harusi, na mapazia wakati biashara imelala. Kwa hiyo sikuandikii kwa shida yangu. Nakuandikia kwa ajili ya ndugu yangu, kitinda mimba wetu, ambaye mimi ndiye mlipaji wake tangu baba atutoke.

Kijana huyu anasoma Sayansi ya Kompyuta katika chuo kikuu kimoja huku Magharibi mwa Kenya, mwaka wa pili. Kichwa anacho. Hesabu anapata A, na mambo ya kuandika programu ndiyo usiseme. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, wanampa mkopo lakini hautoshi, kwa hiyo kodi ya chumba, chakula na pesa za hapa na pale zinatoka kwenye sindano yangu.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani. Nilikuwa natafuta chaja kwenye begi lake nikakuta karatasi ya matokeo aliyokuwa ameichapisha kwa ajili ya fomu ya basari. Sapu mbili, yaani yuniti (masomo ya muhula) mbili anazotakiwa kurudia mtihani: moja Stadi za Mawasiliano ya mwaka wa kwanza, nyingine Fikra Makinifu. Nilipomuuliza akacheka. "Dada, hizo ni yuniti za kujaza nafasi tu. Kila mtu chuoni anazifanya, wa ualimu, wa biashara, wa uhandisi. Nani ataniajiri eti kwa sababu najua vizuizi vya mawasiliano?" Akaniambia yeye na wenzake hata darasani hawaendi. Wananunua noti za miaka iliyopita kwa mtu wa fotokopi getini, na kazi za kuandika wanaipa akili bandia kwenye simu iwaandikie.

Lakini kilichonichoma ni hiki. Humo begini mlikuwa na insha yake moja. Kiingereza kizito, vizuizi vinane vya mawasiliano, kila kimoja na kichwa chake kimepigiwa mstari. Nikamwambia, haya, sasa nieleze kwa Kiswahili: katika hivi vinane, ni kipi kilichokufanya unifiche habari ya sapu tangu Desemba? Akanyamaza. Si kwamba alikuwa na kiburi, Mwalimu. Alikuwa hajui kilichoandikwa mle ndani.

Mama anasema aache chuo, aje achukue kozi ya umeme kwenye chuo cha kiufundi, angalau huko hakuna porojo. Mjomba anasema tumwache, mradi kompyuta anaijua. Mimi niko katikati. Kodi yake ya muhula huu nilikopa kwenye simu, shilingi 10,000, narudisha 10,900 baada ya mwezi, na kila nikilipa nakopa tena hapohapo ili kibanda kisisimame. Sasa nikisikia kwamba nalipia yuniti za kujaza nafasi, nashikwa na hasira.

Niambie ukweli. Chuo kinatulipisha masomo yasiyo na kazi? Na kama yana kazi, mimi ambaye sijawahi kukanyaga ukumbi wa mihadhara nitamsaidia vipi?

Ni mimi,
Dada Mlipaji, Kisumu

*

Dada Mlipaji,

Unasema hujawahi kukanyaga ukumbi wa mihadhara, na tayari umeshamtahini ndugu yako vizuri kuliko karatasi nyingi za mtihani. Ulichukua vile vizuizi vinane ukamuuliza ni kipi kilichokaa baina yenu. Swali hilo halina jibu la kununua getini. Anayelijibu lazima ajue kizuizi chenyewe ni nini, akumbuke kilichotokea nyumbani, aviweke pamoja, kisha aseme kwa maneno ambayo dada yake anayaelewa. Akiweza hayo, Stadi za Mawasiliano amezipata, hata karatasi iseme nini.

Nimpe naye haki yake, maana ana hoja. Yuniti hizi katika vyuo vyetu vingi hufundishwa vibaya. Wanafunzi wa kozi zote husongamanishwa katika ukumbi mmoja, wa nyuma hawamsikii mhadhiri, maikrofoni inakoroma, na mtihani ukifika ni "taja na ueleze". Mtihani wa namna hiyo humlipa anayekariri, basi watu wanakariri. Huwezi kujifunza kuzungumza ukiwa umekaa kimya katikati ya mamia ya watu waliokaa kimya. Akilalamikia hilo, muunge mkono. Alipoteleza ni pale alipotoka hapo akaruka moja kwa moja: somo limefundishwa ovyo, kwa hiyo ujuzi wenyewe hauna kazi.

Hapo Kibuye hakosekani fundi ambaye mshono wake hauna kasoro, lakini hajui kumsikiliza mteja, hawezi kukadiria kitambaa, na akiulizwa kwa nini bei ni hiyo anakasirika. Fundi huyo huishia kushona kwenye vibanda vya wenzake. Kuandika programu ni ule mshono. Ndugu yako anao, na ni mzuri. Hayo mengine ndiyo yanayoamua kama atakuwa na kibanda.

Na hayo mengine hayana ajabu. Kusoma maandishi magumu ukatoka na jambo. Kuandika mtu akaelewa. Kusimama mbele za watu ukasema. Kupima maneno ya watu kabla ya kuyaamini. Kuzielewa namba zinazokuhusu. Kufanya kazi na watu usiowapenda. Kujifundisha kitu kipya bila kusukumwa. Ukiwa na mtoto wa CBC, ule mtaala wa umilisi wa shule zetu, hapo jirani, muulize mwalimu wake. Mtaala ule umeandika mengi ya mambo haya katika umilisi wake saba wa msingi, kuanzia mawasiliano na ushirikiano hadi kujifunza namna ya kujifunza. Watoto wa kwanza wa mtaala huo waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Miaka michache ijayo watakuwa wanaomba kazi zilezile anazoziomba yeye, na wao wamelelewa tangu wadogo wakiambiwa wasimame waeleze.

Mama naye nimjibu upesi. Kozi ya umeme ni kozi nzuri, na kama kijana anaupenda umeme aende hata kesho. Lakini asiende kwa kukimbia "porojo", kwa sababu atazikuta huko zimemtangulia. Mafunzo ya kiufundi siku hizi yana sehemu ya lazima ya stadi za msingi, kama vile mawasiliano, kompyuta na ujasiriamali. Fundi umeme asiyeweza kumwandikia mteja makadirio ya gharama hapati kazi ya pili kwa mteja yule.

Mna mtaa wa Tom Mboya hapo Kisumu. Ukipita, kumbuka kwamba mwenye jina lile alisomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi kwa kazi hiyo. Mwaka 1953, kabla hajafika miaka 25, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Hakuna aliyempa cheo hicho kwa kukagua vyoo. Alijua kusikiliza mgogoro wa watu, kuuandika, na kukaa na mwajiri mezani mpaka kieleweke.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ulilitaja kama kwa kupita, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika barua yako: ule mkopo wa simu.

Unakopa 10,000, unarudisha 10,900. Riba ni 900, yaani 9%. Ukisikia tisa kwa mia inaonekana ndogo. Lakini hiyo ni ya mwezi mmoja, na wewe ukilipa unakopa tena hapohapo. Ukiendelea hivyo mwaka mzima, utakuwa umelipa 900 mara 12, ambazo ni 10,800. Umelipa zaidi ya zile ulizokopa, na bado 10,000 unadaiwa. Mkopo wa HELB alio nao ndugu yako hutozwa 4% kwa mwaka. Kwa shilingi 10,000 hiyo ni 400. Wewe unalipa mara 27 ya riba ya mwanafunzi, na unafanya hivyo ili mwanafunzi huyo apate pa kulala.

Kijana mwenye A ya hesabu yuko nyumbani kwenu, na hesabu hii ya darasa la saba hakuna aliyeifanya. Sisemi ni mtoto mbaya. Huenda hata hajui kama umekopa, na hilo nalo ni suala la mawasiliano. Lakini hapa ndipo unapoona tofauti ya kujua hesabu na kuwa na jicho la namba. Kujua hesabu ni kulijibu swali ulilopewa. Jicho la namba ni kuona kwamba kuna swali hata kama hakuna aliyeuliza. Nyingine ya kumpa, maana hii huwanasa hata wenye digrii: kitambaa kilikuwa 400, bei ikapanda kwa 50%, kisha ikashuka kwa 50%. Kimerudi 400? Hapana. Kilipanda hadi 600, na nusu ya 600 ni 300. Muulize bila kumpa kalamu.

Tuje kwenye akili bandia iliyomwandikia insha. Wapo walimu wanaoipiga marufuku kabisa, mimi si mmoja wao. Ila yeye anasoma kompyuta, basi mpe hoja ya kompyuta. Programu hiyohiyo inayomwandikia insha ndiyo inayoandika pia programu za kompyuta, na inaziandika vizuri zaidi kila mwaka. Kwa hiyo ile sehemu ya kazi yake anayojivunia ndiyo mashine inayoinyemelea kwanza. Kinachobaki mikononi mwa binadamu ni kukaa na mwenye duka la dawa huko Kondele asiyejua kusema anachotaka, kumuuliza hadi kijulikane, kuandika kwa ufupi kitakachotengenezwa, kukagua kama mashine imefanya sawa, na kumweleza mteja kwa nini jambo fulani haliwezekani. Yote hayo yamo ndani ya zile yuniti mbili anazozidharau. Tena mashine ina tabia ya kubuni mambo kwa uso mkavu. Mwaka 2023 mawakili wawili jijini New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazijawahi kuwepo; ziliundwa na programu, nao hawakuzikagua. Mawakili wale digrii walikuwa nazo.

Aitumie kumuuliza maswali, kumwonyesha kosa katika aya aliyoiandika mwenyewe, kumfafanulia neno gumu. Aya aandike yeye.

Na hapo kwenye kuandika ndipo utakapomsaidia wewe kuliko mhadhiri yeyote, kwa sababu una jambo la kweli la kuandikiwa. Unashona sare. Shule zinanunua sare. Mwambie akuandikie barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nawe, kuomba kazi ya kushona sketi na mashati. Akikuletea, soma na kalamu mkononi, kila sentensi usiyoielewa au isiyosema kitu uikate. Najua atakavyoanza: "Ninachukua fursa hii adhimu kuwasilisha kwako ombi langu la kutaka kuzingatiwa katika utoaji wa huduma." Kata. Umekata mstari mzima na mwalimu mkuu hajapoteza chochote. Mwulize, "Unataka kumwambia nini huyu mtu?" Atakwambia kwa mdomo: kwamba dada yangu anashona sketi, bei yake ni hii, na akipewa oda mapema Novemba zote zitakuwa tayari kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mwambie aandike hivyohivyo. Iwe Kiswahili, iwe Kiingereza, kanuni haibadiliki. Chini yake aweke jedwali dogo: aina ya nguo, saizi, bei ya moja, idadi, jumla. Akimaliza, aisome kwa sauti. Pale ulimi wake utakapokwama, msomaji naye atakwama.

Barua hiyo itapita mikononi mwake mara kadhaa kabla hujaikubali, na atanuna. Mwache anune. Kuandika upya ndiko kuandika. Kazi ya chuo huandikwa usiku mmoja, ikapewa alama, ikatupwa, na hakuna siku mwanafunzi anaona sentensi yake mbovu ikigeuka kuwa nzuri. Ukimpitisha hapo, utakuwa umempa kitu ambacho ukumbi wa watu mia nne hauwezi kumpa. Na huenda ukapata oda.

Kuhusu kusoma kwake, naona mazoea yake ni ya kupitiapitia zile noti za fotokopi hadi zimkae. Karibu kila mwanafunzi hufanya hivyo, na humdanganya. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma likarudia kusoma. Lingine lilisoma kisha likafunga karatasi na kuandika lilichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yalipinduka: waliojipima walikumbuka kama 56%, waliorudia kusoma 42%. Ona mtego ulipo. Kusoma tena na tena hukupa hisia ya kujua, na hisia hiyo inakuwa ya kweli kwa muda mfupi tu, wakati mtihani uko mbali. Dawa yake haina gharama. Afunge daftari, achukue karatasi tupu, aandike yote anayokumbuka, kisha afungue aone alichokosa. Arudie baada ya siku kadhaa. Inachosha, na ndiyo maana watu hawaifanyi.

Fikra Makinifu nayo isimtishe kwa jina. Watakuwa wanamfundisha aina za hoja, makosa ya mantiki, na namna ya kuukagua ushahidi. Haya yanafanyiwa mazoezi kwenye simu yake kila siku. Ule ujumbe unaozunguka WhatsApp kwamba kuna basari, bonyeza hapa, weka namba ya kitambulisho. Au kazi ya Ghuba isiyotaka uzoefu, tuma ada ya usajili kwanza. Nani ameutuma? Anafaidika vipi? Mwingine yeyote amelisema? Wineburg na McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwahi kuwakalisha wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wakaguzi wa habari 10, na wanafunzi 25 wa chuo hicho, wakawapa tovuti wazipime. Wasomi na wanafunzi wengi walikaa kwenye tovuti ileile wakiangalia nembo na jinsi ilivyopangwa vizuri. Wakaguzi waliiacha upesi, wakaenda kuangalia kwingine watu wengine wanasema nini kuihusu, na ndio waliofika kwenye ukweli haraka. Kwa hiyo uzamivu haukuwasaidia sana, mbinu ndiyo iliyosaidia. Ujumbe wa basari ukija, usiusome mara kumi. Toka nje yake, nenda kwenye ofisi inayotajwa kutoa basari hiyo ukaulize.

Kuzungumza hadharani sina mengi ya kusema. Hufunzwa kwa kuzungumza. Kazi ya kikundi ikitoka, yeye ndiye aombe kuiwasilisha, badala ya kujificha nyuma ya kompyuta akitengeneza slaidi. Klabu ya mijadala ikiwepo aingie. Atatetemeka mwanzoni, itapita.

Na kila Jumapili ukimpigia simu, kabla ya kuuliza kama amekula, mwambie akueleze jambo moja alilojifunza wiki hiyo. Kwa Kiswahili, au Kijaluo, au Kiluhya, lugha yoyote mnayopatania nyumbani, ila asisome popote. Usijali kama huelewi kompyuta. Usipoelewa, mwambie "sijaelewa, nipe mfano," na usimwachilie mpaka uelewe. Kama jambo analijua, atapata mfano. Kama halijui, atajua kwamba halijui, na ni afadhali alijue hilo Jumapili kwa dada yake kuliko siku ya usaili mbele ya watu watatu waliovaa tai. Usimkemee akikwama. Mtu akikemewa anajifunza kuficha, na kuficha ameshakuonyesha anaweza.

Sasa hizo sapu, maana zina tarehe zake. Katika vyuo vyetu vingi alama ya kupita ni 40, na matokeo ni mitihani midogo ya CAT 30 na mtihani wa mwisho 70. Sapu kwa kawaida humpa mtu alama ya kupita basi, hata akiandika vizuri vipi, kwa hiyo asitarajie A; anatafuta kuvuka. Asipovuka, yuniti humfuata hadi mwaka wa nne, na mtu hahitimu na yuniti inayodaiwa. Aende mwenyewe ofisi ya idara wiki hii, aulize mambo ya kueleweka: sapu zinasajiliwa lini, kuna ada au hakuna, na alama za CAT zake zimeingia zote. Hilo la mwisho ni la muhimu. Kuna sapu ambazo si za kufeli, ni za CAT iliyopotea njiani au ambayo haikufanywa kabisa. Kama hakuifanya kwa sababu darasani haendi, akwambie. Kama aliifanya ikapotea, aandike barua ya kudai, fupi, yenye tarehe na namba yake ya usajili. Hiyo ndiyo itakuwa kazi yake ya kwanza ya Stadi za Mawasiliano aliyoifanya kwa mkono wake.

Kisha amwone mhadhiri wa yuniti saa zake za ofisi, achukue muhtasari wa somo, na asome kwa muhtasari huo badala ya zile fotokopi. Wahadhiri wengi hukaa ofisini saa hizo bila kubishiwa hodi na mtu.

Kwa swali lako la kwanza, basi: chuo hakikulipishi bure, ila bidhaa uliyolipia ndugu yako ameiacha kaunta. Mwambie hivyo kwa upole. Na asiache chuo kwa sababu ya yuniti mbili.

Na wewe, kabla ya kumtumia pesa za mwezi ujao, malizana na ule mkopo wa simu. Kama hapo sokoni mna sacco ya kuaminika, yaani chama cha akiba na mikopo, sacco nyingi hutoza karibu 1% kwa mwezi; kwa 10,000 ni shilingi 100 badala ya 900. Mwambie ndugu yako akutengenezee hesabu nzima kwenye karatasi, mwezi kwa mwezi hadi deni liishe, na akueleze kila mstari. Akishindwa kukueleza, airudie.

Mwalimu